Mpira Nilimfundisha Mama, Si Mke

Siku yangu ya kwanza wodini Bukoba, Muuguzi Mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu: darasa la nne, na mikono ninayo. Akanipeleka kwa wagonjwa wa uti wa mgongo. Kazi ilikuwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba, maana uti ukiumia mgonjwa hasikii kibofu kikijaa. Nilijifunza kwa kuangalia. Baadaye wenye vyeti waliniita mimi mpira ukigoma.

Mambo ya mume na mke hatukuyagusa. Mgonjwa akiuliza, tulimwambia ashukuru yu hai.

Ndivyo nilivyomharibia Deo, mkulima wa Muleba aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi akafa ganzi kuanzia kiunoni. Mkewe, Konsolata, alibaki nyumbani na watoto na kibanja, shamba lao la migomba na kahawa. Aliyemuuguza wodini ni mama yake. Basi nikamfundisha mama: mpira, kuogesha, kugeuza. Alishika haraka, nikajisifu.

Nilipohamishiwa Muleba, Daktari Mfawidhi alinituma kuwatembelea walioruhusiwa. Nilimkuta Deo kitandani sebuleni, mkeka wa mama yake pembeni. Konsolata alikuwa analala na watoto. Nje walikaa kaka zake wawili, wamekuja kumrudisha dada yao kwao.

"Mwanaume anavuliwa nguo na mama yake," kaka mkubwa aliniambia. "Bado ananyonya?"

Kwetu mama hamgusi huko mwanawe aliyeoa. Nalijua hilo tangu utoto, ila nikivaa sare nilikuwa nalisahau.

Nikamwendea mama. "Mama waitu, mama yetu, kosa ni langu. Kuanzia leo mpira ni wa Konsolata."

"Na akimuumiza?"

"Hata wewe ulimuumiza."

"Una mdomo wewe!" Lakini alikunja mkeka wake.

Tukambeba Deo hadi chumbani kwake. Nikafunga mlango, nikawaambia yeye na mkewe mambo ya mume na mke bila kuzunguka: mtoe mkojo kwanza, chai asinywe kabla, wekeni mto chini ya kiuno, ngozi muikague baadaye. Uume usiposimama, daktari ana dawa, aulizwe. Mikono na midomo haikuvunjika. Na mtafute anaposikia bado: shingo, sikio, kifua.

Deo alitazama ukutani. "Konsolata, ukitaka kwenda nao, nenda. Sitakulaumu."

"Nani amekuuliza?" Akanigeukia. "Huo mpira unashikwaje?"

Mara ya kwanza ulikataa. Mara ya pili mkojo ukatoka. Akanawa, akatoka nje kwa kaka zake.

"Nyumbani semeni nimeolewa."

Nimestaafu, nakaa Kibeta. Deo hakutembea, wala sikumwahidi. Ninyi mnaovaa sare leo mna vyeti, vizuri. Kabla hamjamruhusu mgonjwa, muulizeni analala na nani. Mkiona haya, mwachieni kazi asiyeona.

Mwaka jana nilipita kwao mchana, nikabisha hodi. Konsolata akajibu kutoka chumbani, "Kaa hapo nje, mzee, tuna kazi." Nikakaa. Jua lilihama kutoka kwenye ngazi hadi kwenye migomba ndipo mlango ukafunguliwa.