Nilijaza mashimo ya chunusi usoni kule Bwera, shangazi wa mchumba wangu akamchagua binamu yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimekuwa humu miaka mingi nasoma nyuzi za wenzangu kimya kimya. Leo zamu yangu. Binamu yangu niliyemtaja kwenye kichwa cha uzi ni memba wa jukwaa hili, kwa hiyo nikidanganya atanisahihisha mbele yenu.

Mimi ni mtoto wa Hima, huku magharibi mwa Uganda. Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya simenti, akazeekea hapa. Kiswahili changu ni cha nyumbani kilichochanganyika na cha madereva wa malori, ngeli mtanivumilia.

Twende.

Chunusi zilinianza nikiwa sekondari. Nilizikamua zote. Sikubakisha hata moja. Zikaondoka zikaniachia mashimo mashavu yote mawili, mengine membamba kama yamechomwa na msumari, mengine mapana kama mabonde.

Wapakiaji wa mifuko pale Hima wakanipa jina: Bwana Marram. Kwa msiojua, marram ni ile barabara ya changarawe.

Nimejaribu kila kitu. Binamu yangu Ochieng, anayefanya biashara ya samaki Kahendero, aliniambia mafuta ya samaki yanajaza ngozi. Nilipaka wiki tatu. Mashimo hayakujaa, ila Jumapili moja paka wanne walinifuata mpaka mlangoni mwa kanisa, na mmoja akaingia.

Nikahamia krimu za sokoni zisizo na maandishi ya kueleweka. Ngozi ikabambuka. Uso ukawa rangi ya chai ya maziwa, masikio yakabaki rangi ya kahawa.

Nikakata tamaa. Nikakubali kuwa barabara.

Kisha nikampata Masika.

Masika ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Bwera, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Hajawahi kunitajia mashimo yangu hata siku moja. Baba yake ndiye alinitajia. Mzee Baluku alikuwa mwanajeshi zamani, na mpaka leo anaongea kama yuko kwenye gwaride. Siku ya kwanza nilipofika aliniangalia kama dakika nzima.

"Hii uso ilipigwa na nini?"

"Chunusi, mzee."

"Mi nilifikiri guruneti."

Nadhani ndiyo maana alinipenda. Siku ya utambulisho ikapangwa, ile ya upande wa mume kwenda ukweni rasmi.

Nikaenda Kasese kupiga picha ya kadi ya mwaliko. Yule kijana wa studio akaniuliza, "Nifute haya mashimo?" Kabla sijajibu alishafuta. Nikaona uso wangu kwenye kompyuta, laini kama yai.

Wakuu, nina miaka thelathini na minne. Sikuwahi kuuona uso wangu mzima tangu nikiwa mtoto. Nilisimama pale kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea.

Nikamwambia ayarudishe, wakwe wasije wakasema nimewadanganya. Kadi ikatoka na mashimo yake yote. Lakini ile sura ilikuwa imeshaniingia kichwani.

Ochieng ndiye aliyeniambia kuna mtu Bwera, katoka ng'ambo ya mpaka, anachoma filler. Filler ni dawa nzito kama jeli inayoingizwa na sindano chini ya ngozi ili shimo lipande juu. Ni tiba halali kabisa, hospitali zinaitumia. Tatizo ni nani kashika sindano.

Aliyeshika ya kwangu anaitwa Fiston, na kila mteja wa kiume humwita "grand", yaani mkubwa. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha saluni, nyuma ya pazia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Utambulisho ulikuwa Jumamosi.

Ndiyo, siku moja kabla. Tukaneni tu.

"Grand, uso yako iko na mashimo mingi," Fiston akasema, "lakini haina shida. Hii dawa ya Ulaya. Kesho uko mutu mupya."

Ochieng akamuuliza, "Wewe ni daktari?"

"Miye niko spécialiste."

"Ulisomea wapi?"

"Mbali."

Hapo mtu mwenye akili angeinuka. Mimi nikalala.

Alianza na shavu la kushoto, nikavumilia. Alipofika la kulia nikasikia moto unapanda mpaka chini ya jicho. Nikapiga kelele. Ochieng akasema ngozi imegeuka nyeupe ghafla.

"Iyo njo dawa inatembea," Fiston akasema, na akaendelea.

Kisha akanipa kioo. Wakuu, mashimo hayakuwepo! Nilijipapasa kama kipofu. Nililia, siwafichi. Ochieng naye akalia. Hata yule dada aliyekuwa anasukwa upande wa pili wa pazia alikuja kutazama akapiga makofi.

Jumamosi asubuhi niliamka mashavu yameumuka kama mandazi yaliyozidi hamira. Macho yamebaki mistari. Nikijaribu kutabasamu hakuna kinachosogea. Shavu la kulia lilikuwa linauma, nikajiambia dawa bado inatembea.

Nikavaa kanzu na koti, tukaenda.

Sasa elewa utaratibu. Kuna mtindo ulioenea Uganda nzima siku hizi: bwana harusi anakaa kimya katikati ya watu wake, halafu shangazi wa binti anakuja kumtafuta. Shangazi yake Masika alikuwa hajawahi kuniona. Alikuja na kadi ya mwaliko mkononi.

Akapita mbele yetu polepole, anatazama kadi, anatazama uso. Akanifikia. Akatazama kadi. Akaniruka.

Akasimama mbele ya Ochieng.

Ochieng na mimi tunafanana, na yeye tetekuwanga ilimwachia mashimo yake mwenyewe. Shangazi akapiga kigelegele, akamvisha shada la maua, akamshika mkono amwinue.

Ochieng ana mke na watoto wanne. Mke wake alikuwa kiti cha nyuma yake.

"Mama, huyo ana mwenyewe!" shemeji akapaza sauti, amemshika koti.

Wanamvuta huku, wanamvuta kule. Msemaji wetu akachukua kipaza sauti, akaeleza kwa heshima kwamba bwana harusi ni huyu aliyekaa kando. Watu wote wakanigeukia. Nikataka kutabasamu, uso ukakataa.

Mzee Baluku akainuka na kadi yake.

"Huyu mi sijui."

"Mzee, ni mimi."

"Yule alikuja hapa alikuwa na mashimo. Wewe iko nono, na unanikasirikia."

"Sijakasirika, mzee. Ni uso tu."

"Mumebadilisha mutu!" Akageukia upande wetu wote. "Wanaume! Simama! Mustari moja!"

Wakuu, tulisimama. Wazee wa kanisa kutoka Hima, baba yangu na fimbo yake, mjomba aliyetoka Kisumu kwa basi, wote mstari mmoja juani. Mzee akatukagua mmoja mmoja na kadi mkononi. Alipofika kwangu akanipita. Alipofika kwa Ochieng akatikisa kichwa, huyu anakaribia lakini pua siyo.

"Muleteni Masika," akaamuru.

Kwa mila Masika hakupaswa kutoka muda ule. Alitoka na gauni lake la gomesi la kijani, amekunja uso. Akasimama mbele yangu. Hapo ndipo niliogopa kweli. Nilikuwa nimefanya yote haya ili aniangalie akiwa na fahari, na sasa ananiangalia kama mtu anayesoma barua mbaya.

Akanishika kidevu. Akanigeuza kushoto, kulia.

"Ni yeye, baba," akasema. "Nani mwingine angeweza kufanya ujinga kama huu siku moja kabla?"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Baba yangu mzazi ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nacheka ndani tu.

Lakini Masika hakucheka. Alikuwa bado anatazama shavu la kulia. Akamwita dada yake Biira, ambaye ni muuguzi Kasese.

Biira akabonyeza shavu kwa kidole, akaachia, akasubiri. Rangi haikurudi. Ngozi ilikuwa na michirizi ya zambarau kama wavu.

"Nani alikuchoma?"

Nikamwambia.

"Hapa damu haipiti. Dawa imeziba mshipa. Tunaondoka sasa hivi."

"Hakuna kuondoka, chakula bado!" Mzee Baluku akasema.

"Baba, anaweza kupoteza ngozi ya shavu. Anaweza kupoteza jicho."

Mzee akatoa funguo za gari lake mwenyewe, zikaanguka, akaziokota, akamtupia mjomba. "Enda! Haraka! Unangoja nini?"

Ndivyo nilivyoondoka kwenye utambulisho wangu nikiwa na kanzu, mbio mpaka Mbarara, maana Biira alipiga simu na kuambiwa daktari wa ngozi mwenye dawa yuko huko. Njiani nilifumba jicho la kushoto mara nyingi kuhakikisha la kulia bado linaona. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Sikuwaza mashimo hata mara moja.

Daktari, mama mmoja mpole sana, akauliza nilichomwa nini hasa. Sikujua. Tukampigia Fiston.

"Grand, chupa nilitupa," akasema kwa furaha. "Lakini iko ingine. Unarudi kuongeza?"

Daktari akakata simu. Akanichoma sindano za dawa inayoyeyusha filler, nyingi, akakanda shavu kwa maji ya moto, akarudia tena na tena. Akaniambia wazi kwamba kama Fiston alitumia kitu kisichoyeyuka, hakuna atakachoweza kufanya.

Kiliyeyuka. Jioni rangi ilianza kurudi shavuni. Na mashimo nayo yakarudi, moja moja, kila moja mahali pake. Biira akanishikia kioo na safari hii nililia zaidi ya ile ya Bwera.

Huku nyuma wakwe walikataa kupoteza chakula na mpiga video. Ochieng alikalishwa kwenye kiti changu, amevaa koti langu nililoliacha, mke wake ameketi jirani kama mlinzi. Picha zote za utambulisho wangu zina Ochieng.

Daktari alinieleza nikaelewa. Mabonde yangu mapana yanavutwa chini na nyuzi ndani ya ngozi. Anazikata kwanza kwa sindano, ndipo filler kidogo inaweza kusaidia. Yale membamba yana tiba nyingine. Kwa ngozi nyeusi kama yangu haraka huleta madoa. Tumeanza taratibu, huu ni mwezi wa saba wa matibabu, na kofia na losheni ya jua kila siku. Yamepungua kiasi. Hayataisha, na aliniambia hivyo siku ya kwanza kabla ya kunigusa.

Funzo langu: ukiuliza mtu alisomea wapi akakujibu "mbali", vaa viatu. Ukisikia maumivu makali au ngozi ikabadilika rangi baada ya sindano, usingoje kesho, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Na usijaribu kitu kipya usoni wiki ya shughuli.

Sasa sababu hasa ya uzi huu. Harusi ya kanisani ni mwezi ujao. Wiki iliyopita nilikwenda Bwera, Mzee Baluku akaniita nyuma ya banda la mbuzi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akavuta ngozi ya chini ya jicho lake kwa kidole.

"Yule daktari yako ya Mbarara," akanong'ona, "hapa anaweza kujaza?"

Nikageuka kuona kama kuna anayetusikia.

"Kidogo tu. Ya picha. Na hii maneno inabaki hapa."

"Ndiyo, afande."

Wenye makovu, niambieni mlitumia nini na ilikuwaje. Na mliooa kwa wanajeshi, nimjibu nini huyu mzee? Amenipigia tena leo asubuhi.