Kupe katika Kompyuta ya Mama

Mama alistaafu kazi ya mifugo akiwa amechanja nusu ya ng'ombe wa Nyang'hwale, kwa maneno yake mwenyewe, na mimi sijawahi kuthubutu kumbishia. Pale Kharumwa mpaka leo wanamwita Mama Mifugo. Alipopata kiinua mgongo alinunua mitamba miwili na kompyuta ya mezani yenye printa, na watu wakashangaa hiyo ya pili ataichunga wapi.

Aliichunga sebuleni. Alikuwa ameandika ripoti miaka yote ya kazi, kwa hiyo barua zake zilieleweka, na majirani wakaanza kuja. Huyu anaomba kazi, yule analalamikia kisima, mwingine anataka kumwandikia mkwewe bila kumuudhi. Anayekuja hukaa kiti kilekile cha dirishani, anasema kwa Kisukuma, Mama anaandika kwa Kiswahili, kisha anamsomea. Anayoyasikia hapo hanisimulii hata mimi, na mimi ni mbea, najijua.

Mimi naishi karibu na mgodi wa Bulyanhulu, nauza vipuri vya pikipiki huko. Nina pia cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, nimekitia fremu. Kwa cheti hicho nilijiona daktari wa kompyuta ya nyumbani. Ijumaa moja nilikuja na flashi iliyojaa filamu, zikakataa kufunguka. Mtandaoni nikaona programu ya bure ya kuzifungulia, nikabonyeza kubali, kubali, kubali, bila kusoma hata mstari mmoja. Filamu ilionekana vizuri sana. Mama alisinzia katikati.

Wiki mbili baadaye nilirudi nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, mikono magotini, haandiki.

"Hiki kitaa kinawaka chenyewe," akasema, akinionyesha kamera ndogo niliyomwekea juu ya kioo ili tuwe tunaonana. "Sijakigusa."

"Mama, hiyo ni taa tu."

"Na herufi zinachelewa. Naandika neno, linasubiri kwanza, ndiyo litokee."

Kabla sijamjibu, tangazo jekundu likajitokeza: kompyuta yako imeambukizwa, bonyeza hapa tuitibu bure. Nikapeleka mkono kwenye kipanya. Mama akaudaka.

"Huyu ni nani?"

"Ni programu ya kusafisha, Mama."

"Kajuaje? Mtu akija hapa getini akaniambia ng'ombe wangu anaumwa, na zizini hajaingia, dawa yake siipokei. Namuuliza kwanza ametoka wapi."

Akachomoa modemu ya intaneti, akaiweka mfukoni mwa kitenge. Alisema mgonjwa anatengwa kwanza, maswali baadaye. Kisha akaleta daftari. Sikujua kama lipo. Lilikuwa limepigiwa mistari kama yale aliyokuwa akiandikia chanjo na majosho: tarehe, kilichoingia, aliyekileta, mabadiliko yaliyoonekana. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka Ijumaa yangu. "Programu ya filamu. Imeletwa na binti. Hakusoma masharti."

Hasira zilinipanda, maana hasira zangu ziko karibu. "Kwa hiyo Mama umeniandika mimi kama kupe?"

"Nimekuandika kama aliyeacha geti wazi," akasema, akafunga daftari.

Kesho yake nilibeba kompyuta mpaka Geita mjini kwa fundi. Alihangaika nayo asubuhi nzima, akanieleza taratibu, kwa huruma iliyoniuma kuliko kama angenicheka. Programu ile ilikuja na mwenzake ndani. Huyo mwenzake alikuwa anasoma kila kinachoandikwa na kukituma nje. Kimetumwa nini, kimekwenda kwa nani, hakuna wa kusema. Kupe ndivyo alivyo, hapigi kelele, ananyonya tu. Fundi akaokoa barua tu, akazikagua, akafuta vingine vyote na kuweka mfumo mpya. Mama naye, huko nyumbani, alikuwa ameshabadilisha maneno ya siri yote kwa kutumia simu yake, bila kuambiwa na mtu mwenye cheti.

Nilirudi jioni nikidhani yamekwisha. Mama aliniuliza swali moja tu, kama barua za zile wiki mbili zilisomwa. Nikasema huenda. Akakaa kitako.

Katika wiki hizo alikuwa ameandika maelezo ya jirani yetu mjane, ya kupeleka kwenye baraza la ardhi. Shemeji zake walilitaka shamba lake tangu wachimbaji walipoona dalili za dhahabu pembeni mwake. Maelezo yalikuwa na majina ya mashahidi watatu waliomwona marehemu akipanda miti ya minyaa kuonyesha mpaka. Mmoja wao, mzee, alikuwa anaishi boma moja na shemeji hao. Alikubali kusema kwa sharti moja, jina lake lisijulikane kabla ya siku yenyewe.

"Mama, wezi wa mtandaoni wako mbali," nikamwambia. "Wanatafuta namba za siri za watu wenye hela. Hawana habari na shamba la hapa."

"Hilo unalijua, au unalitumaini?"

Nikamwomba angalau asimwambie yule mjane, maana nani ataleta tena siri zake kwetu? Alinitazama kama mtu anayenisikia kwa mara ya kwanza.

Asubuhi tulikwenda. Mjane alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye turubai. "Mwangaluka, Mama Mifugo. Shikamoo." Mama akaitikia, akakataa kigoda, akasema akiwa amesimama.

"Maneno yako nilikuambia yako salama kwangu. Inawezekana hayakuwa salama. Kuna kitu kiliingia kwenye kompyuta, kikayasoma. Sijui kimeyapeleka wapi."

Hakusema kilivyoingia. Alinilinda, na hilo ndilo lililonishinda. "Ni mimi niliyekiingiza," nikasema.

Mjane aliendelea kugeuza michembe, kipande kwa kipande, mpaka nikatamani anitukane. Mwishowe akasema, "Yule mzee itabidi ajue."

"Twende wote," Mama akasema.

Wakaniacha nifukuze kuku kwenye michembe. Nilifukuza kuku saa nzima nikilia. Waliporudi, Mama alisema mzee ameomba siku chache za kufikiri, na kwamba ana haki ya kuzipata.

Siku hizo Mama alizitumia kazini. Alibandika plasta ya kidonda kwenye kamera. Akaniamuru nitengeneze akaunti ya wageni isiyoweza kuingiza programu yoyote, kisha akanionyesha kwamba mgeni wa kwanza ni mimi. Antivairasi aliichukua kwenye tovuti ya wenyewe, baada ya kusoma masharti mpaka mwisho, miwani puani, akiguna. Flashi yoyote ngeni ilikaguliwa kwanza, hata ya padri. Nakala za barua zilikaa kwenye flashi isiyochomekwa kwingine kokote. Jumatatu ikawa siku ya maboresho ya programu, kama zamani ilivyokuwa siku ya josho. Nilimtazama nikajiona mdogo, na sikuona vibaya kuwa mdogo mbele yake.

Siku ya nne mjane alikuja. Nyuma yake alikuwa yule mzee, kofia mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani. Aliitazama plasta kwenye kamera kwa muda.

"Wewe ulikuja kuniambia mwenyewe," akamwambia Mama. "Basi andika. Safari hii weka na jina la baba yangu, wajue ni mimi."

Mama akavaa miwani. Kisha akanigeukia, akanionyesha mlango kwa kidevu. Nilitoka, nikasikia komeo likiingia nyuma yangu. Nilikaa kibarazani na umbea wangu wote, nimefungiwa nje, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi namna ile.