Tambi Baridi Zilizonikosesha Chumba cha Mbele

Watu tisa walioshinda bila hata maji tangu alfajiri walitema chakula changu.

Soma tena. Watu wenye njaa ya siku nzima. Walitema.

Wa kwanza alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Sultani, mtu ambaye sijawahi kumwona akitema kitu maishani mwake. Alitemea kwenye kitambaa, akakikunja vizuri, akaomba maji.

Mi nimesimama mlangoni na jagi la juisi ya marakuja, natabasamu. Mjinga mimi.

Naandika hii nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Naitwa Wafa. Naishi Buyenzi, hapa Bujumbura, kwenye parseli, yaani kiwanja, ya ukoo wa mume wangu Faris. Mbele ya nyumba, upande wa barabara ya magereji, kuna chumba chenye mlango wa chuma. Miaka yote alikuwemo muuza vipuri. Mwaka jana akahama.

Mi chumba kile nilikitaka kufa.

Nilitaka kuweka meza nne na friji, niuze chakula baridi mchana. Mafundi wa hapa wanakula wali wa moto na maharage ya moto chini ya bati la moto, jasho linadondokea kwenye sahani. Nikasema hawa watu wanahitaji tambi baridi.

Msicheke.

Unachukua tambi za Kichina, unachemsha, unamwagia maji ya barafu mpaka zinaacha kushikana. Unachanganya na tango, karoti na kabichi vilivyokatwa vyembamba, na kotimiri. Halafu rojo lake: karanga za kusaga, sosi ya soya, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta, na pilipili ya kukuamsha tu. Nilijifunza kwenye simu. Kabla ya Ramadhani nilikuwa nimeshatengeneza mara kumi. Hata Faris, asiyeamini chakula kisichofuka moshi, alilamba sahani.

Lakini chumba si cha Faris. Ni cha baba yake. Na kulikuwa na mtu mwingine anakitaka, Ildephonse, muuza tairi.

Mzee Sultani akaniita barazani.

"Wafa mwanangu, Ijumaa nafuturisha ndugu zangu. Pika hayo mambo yako ya baridi. Wakila wakaridhika, chumba chako. Wasiporidhika, Ildephonse alete tairi zake. Na unanijua, sirudi nyuma."

Umeelewa? Futari moja. Bakuli moja. Ndiyo nafasi yangu yote.

Sasa, kuna kitu lazima mkijue kuhusu nyumba hii. Mama mkwe wangu, Bi Jokha, hataki mtu aliyefunga aonje chakula jikoni.

Najua, najua. Msije kwenye maoni hapo chini kunifundisha kwamba kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa. Mwambieni Bi Jokha, si mimi. Mi nimeshasema mpaka nimechoka.

Ndiyo maana kila Ramadhani tunaonjewa na Lisette.

Lisette ni Mkongomani wa Uvira, Mkristo, anakaa mtaa wa Kinama. Anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Anatembea na beseni kichwani mtaa kwa mtaa, na kila pembe anayoketi anafukuzwa. Ni rafiki yangu mwaka wa saba huu.

Saa kumi na moja jioni anapita kwetu. Namchotea kijiko, anaenda nacho nyuma ya mlango wa jikoni, maana ana heshima zake, hawezi kutafuna mbele ya watu waliofunga. Kisha anarudi na hukumu: chumvi bado, chumvi imezidi, iko sawa. Hajawahi kukosea. Bi Jokha mwenyewe anamwita ulimi wa nyumba.

Na chumba kile tulikuwa tumekipangia wawili. Angeuza pale pamoja na mimi, akae kwenye kiti kama watu wengine. Beseni tungelitundika ukutani.

Ijumaa ikafika.

Chupa yangu ya sosi ya soya ikawa imeisha. Nikanunua nyingine, ya aina nisiyoijua, nyeusi, nzito. Nikatia kipimo kilekile cha siku zote. Nikasema haidhuru, Lisette yupo.

Akaja. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka kidogo pembeni. Niliona. Nikajiambia ni jua.

"Lisette, leo ndiyo leo. Onja vizuri. Sosi ni mpya, siijui."

"Leta."

Akaenda nyuma ya mlango. Akakaa huko muda mfupi kuliko kawaida yake. Akarudi anajifuta mdomo.

"Mmm. Iko bon, Wafa. Bon sana."

"Chumvi?"

Akainua beseni lake.

"We Lisette, chumvi?"

"Chumvi... ongeza tu kidogo. Batu wamefunga, watapenda ikolee."

Nikaongeza kijiko kizima. Bismillah.

Adhana ikalia. Tende, maji, uji. Kisha bakuli langu likaingia, na ufuta juu, na vipande vya ndimu pembeni. Wenyewe wakasema mashallah kabla ya kula.

Halafu ndiyo ule ugonjwa wa kutema. Mzee Sultani. Ndugu yake Atumani. Shangazi wote watatu. Mpaka Faris, mume wangu wa ndoa!

Mzee Atumani akakohoa mpaka machozi. "Huyu binti anatupikia au anatukausha tuwe samaki wa chumvi?"

Bi Jokha akanigeukia polepole. "Nani kaonja hii?"

"Lisette."

"Lisette ndiye kaonja hii?"

Nikachukua uma, nikaonja mwenyewe. Wallahi ulimi wangu ulikimbia. Ilikuwa chumvi tupu.

Mzee Sultani hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema kwa upole kabisa, "Wafa mwanangu, pole na kazi. Faris, mwambie Ildephonse aje kesho."

Yaani ule upole ulinichoma kuliko tusi.

Nililia usiku, asubuhi nikaamka nimevimba macho. Nikafagia jikoni. Nyuma ya mlango, kwenye kona ya mtungi wa gesi, ufagio ukagonga kitu. Kipande cha gazeti kimekunjwa.

Nikafungua.

Tambi zangu. Kijiko kizima nilichomchotea, na kipande cha tango juu yake, hakuna hata uzi mmoja ulioguswa.

Hakuonja! Alisimama nyuma ya mlango wangu, akakunja chakula kwenye gazeti, akajifuta mdomo, akarudi kuniambia niongeze chumvi.

Jamani, mi hasira zilinipanda mpaka nikasahau viatu. Nilitoka na kandambili za Faris, kushoto na kushoto. Nikamkuta kwenye gereji ya tatu, anapimia mafundi ndagala.

"Lisette!"

Akageuka. Akaona lile gazeti mkononi mwangu. Akashusha macho.

"Hii ni nini?"

"Wafa, nisamehe."

"Nimekuuliza hii ni nini!"

"Nilifanya mubaya kukuambia uongeze. Lakini kuko kitu siwezi kukuambia leo. Ngoja Jumatatu."

"Jumatatu? Umenichoma jana, unanipa randevu ya Jumatatu? Ildephonse alikupa nini? Sema! Alikuahidi nini?"

"Apana, Wafa. Apana, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu! Mi nimekufungulia mlango wa nyumba yangu miaka saba, kumbe nafuga mchawi. Wivu tu! Umeona nitatoka, ukasema tubaki wote na mabeseni. Mkimbizi we!"

Nyundo zote zikanyamaza. Barabara ile haijawahi kuwa kimya mchana.

Lisette akaacha kupima. Akainama aokote beseni lake aondoke. Na mimi, Mungu anisamehe, nikalipiga teke.

Ndagala zikamwagika kwenye oili ya gereji.

Alichuchumaa kuziokota moja moja. Alipotaka kusimama akashindwa, akashika tairi ya pikapu, akajivuta, akasimama hapo amefumba macho. Fundi mmoja akamletea maji kwenye kikombe. Akayakataa.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Anajifanya."

Nikarudi nyumbani nimetulia kabisa. Nilijiona nimeshinda. Ildephonse alikuwa anashusha tairi.

Jumatatu nilienda sokoni kununua nyanya. Mama mmoja wa Kinama, Caritas, anayenijua kwa sura tu, akanishika mkono huku anacheka.

"Weye ndiyo Wafa wa Lisette? Chumba ulipata?"

"Chumba gani?"

"Kile cha mbele! Sisi tulikuombea na kufunga siku tatu, mama. Ijumaa, Samedi, Dimanche. Kufunga kavu, hata maji apana. Wanawake sita wa maombi. Kila mutu na ombi yake. Lisette aliandika yako."

Nyanya zikanitoka mkononi.

"Yeye... aliandika nini?"

"'Wafa apate chumba.' Basi. Mi nikamuuliza, na yako weye je, na miguu inakuuma hivi? Akasema ile ndiyo yangu. Eh, tulikubaliana hakuna wa kutangaza mpaka Dimanche ipite, ju ufungo wa kutangaza hauna kazi. Leo niko huru, ndiyo nakuuliza. Ulipata?"

Nyanya nikaziacha chini. Nilienda Kinama kwa miguu, na swaumu yangu, na jua lile.

Nilimkuta mlangoni kwake, ana sahani ya ugali mapajani. Hakusimama. Aliendelea kula.

"Lisette."

"Karibu."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba huwezi kuonja?"

"Ungeuliza ju ya nini. Weye unajua kuuliza mpaka mutu aseme." Akamega tonge. "Nikanusa. Pua iliniambia iko sawa. Nikaogopa kusema tu iko sawa, nikaona hutaamini na sosi yako mpya, nikasema ongeza. Nilikudanganya. Ile ni kosa yangu, naibeba."

"Mi nilikutukana."

"Ulinitukana, ndiyo." Sasa aliniangalia, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa na hasira, hasira kubwa, amekaa nayo siku mbili. "Ulinitukana mbele ya batu wanaonunua kwangu. Ulimwaga ndagala zangu. Ile nayo naweza kubeba. Lakini Wafa, miaka saba! Uliniuliza Ildephonse alinipa nini. Hukuniuliza kama nimekula."

Nilikosa pa kuweka uso.

Kwa sababu mi nilikuwa nimefunga siku kumi na nane. Midomo ile mikavu ninayo mimi. Kizunguzungu kile cha kusimama ninacho mimi. Maji yale aliyoyakataa, mi nayakataa kila siku mchana. Mtu wa mwisho Bujumbura nzima aliyepaswa kusema "anajifanya" ni mimi.

Niliomba radhi. Nilipiga magoti kabisa, watu wanapita, sikujali. Akasema, "Nimekusamehe, simama utachafuka." Lakini hakuniambia niketi.

Leo Ildephonse anafungua chumba saa moja asubuhi, anawasha mashine yake ya upepo, kuta zote zinatetemeka. Kila ikiwaka nakasirika upya. Sijamkasirikia Ildephonse, yeye anatafuta riziki. Bi Jokha na sheria zake nilishamaliza kumkasirikia. Najikasirikia mimi na huu mdomo.

Lisette hajarudi. Anapita barabara ya pili. Ramadhani iliisha tukila vyakula vya kubahatisha, na Bi Jokha bado ananiuliza, "Ulimi wa nyumba uko wapi siku hizi?"

Namwambia yuko na kazi.

Nyinyi mnaosoma hapa, siku mtu wako akikukosea, na ushahidi umeushika mkononi, na una haki zote za kufoka, mwangalie midomo kwanza. Halafu muulize: "Leo umekula?"

Ukishapata jibu, ndiyo ufoke.