Tumbo la Cyprien Siku ya Posa

Cyprien alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na hilo ndilo lililowashinda watu: chakula chote kile kilikuwa kinaingia wapi? Tangu ujana wake aliendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka Kabondo hadi sokoni na kurudi, na hata pikipiki zilipomnyang'anya nusu ya wateja, yeye aliendelea kukanyaga tu. Mtu wa kazi hiyo hadonoi. Anakula.

Ubaya ni kwamba watu hawasahau. Katika matanga moja kule Mangobo aliwekewa fufu, ugali wa muhogo, pamoja na wanaume wengine, na wenzake walipokuwa bado wananawa mikono, yeye alikuwa keshafika katikati ya sinia. Toka siku hiyo vijana wakamwita Papa Nzungu, yaani Baba Sufuria, naye akajifanya kucheka pamoja nao. Hakuwa anacheka. Kila alipoalikwa mahali aliona haya kunyoosha mkono kwenye chakula, ila njaa haijui haya, na mkono ulikwenda wenyewe.

Basi Bonheur, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea mwenyewe tangu utoto, akapata mchumba. Jina lake Falonne, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto. Mkubwa wa ukoo aliyebaki alikuwa Cyprien, kwa hiyo yeye ndiye angepeleka posa. Jioni moja kijana alimjia huyo ami yake, aliyemwita tonton, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akayatoa.

"Tonton, kule ukule kidogo tu. Bon, usikasirike. Watu banasema sana."

Cyprien hakukasirika. Kukasirika kungekuwa nafuu. Aliinamisha kichwa akasema amesikia, na usiku kucha akawaza jambo moja: mtoto aliyemlisha kwa jasho la miguu yake sasa alikuwa anamwonea haya.

Ndipo akatafuta hila. Barabara ilikwisha kumfundisha jambo moja. Asubuhi aliyokunywa chai ya sukari na mkate mweupe, njaa ilimkamata kabla jua halijakaza. Asubuhi aliyokula maharage na lituma, ile ya ndizi mbichi zilizochemshwa na kutwangwa, alikanyaga hadi alasiri bila kukumbuka chakula. Jirani yake Grâce, muuguzi, aliwahi kumweleza sababu. Mkate unayeyuka upesi, sukari yake inapanda mwilini mara moja na kushuka mara moja, na ikishuka mtu anatafuta tena cha kutia mdomoni. Maharage na ndizi mbichi vinavunjika polepole, tumbo halina haraka ya kuviachilia, na mtu anakaa ameshiba. Sehemu nyingine haisagiki kabisa. Inateremka hadi utumbo mpana, na huko vijidudu vinaichachusha na kutoa hewa. Kwa hiyo, alisema Grâce, ule kwa kiasi na kulizoesha tumbo taratibu.

Hilo la mwisho Cyprien aliliacha lipite. Akili nyingi huondoa maarifa. Asubuhi ya posa alijifungia jikoni na sufuria ya maharage na lituma ya kulisha nyumba nzima, akala mpaka pumzi ikawa fupi, ili akifika kwa wakwe awe bwana mwenye staha, anayedonoa kama kuku mgeni.

Yeye na Bonheur walipofika, hila ilikuwa imefaulu kupita kiasi. Tumbo lilikuwa limekaza chini ya koti la kuazima, likanguruma katikati ya salamu, naye akakohoa kulifunika. Papa Constant, baba wa binti, aliwapokea vizuri, maneno yakaenda vizuri, na mahari haikuleta ugomvi. Kisha mkewe, mama Yolande, akaja mwenyewe na chakula. Mbele ya Cyprien aliweka bonge la fufu na kichwa kizima cha kapiteni, samaki wa heshima, akaketi kando asimwondolee macho.

Cyprien alimega kitonge kidogo kama harage. Akakitafuna muda mrefu. Akamega kingine, akakizungusha mchuzini, akakirudisha. Jasho likamtoka. Bonheur mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa kuridhika, kisha tabasamu likamkauka, maana nyumba nzima ilikuwa inautazama mkono wa Cyprien. Mgeni anayekataa chakula cha wakwe ana neno: ama anawadharau wavuvi, ama anahofia kuna kitu kimetiwa ndani. Papa Constant alinawa mikono, akasukuma kiti nyuma, akasema kwa upole kwamba labda mambo ya posa yangengoja kwanza.

Falonne, aliyesimama mlangoni, alijiziba mdomo kwa kitambaa. Cyprien alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini ardhi haikupasuka, na mtoto wake alikuwa karibu kukosa mke kwa sababu ya sufuria ya maharage.

"Mama, chakula yako iko muzuri," alisema, macho chini. "Ni miye. Nilikula ku nyumba mbele ya kuya. Nilikula maharage mingi, ili nisikule mingi hapa. Banasema niko mutu wa kumaliza nzungu. Nilisikia haya."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na Papa Constant akacheka kuliko wote mpaka akakivuta tena kiti chake mezani. Posa ilikuwa imepona. Cyprien alingoja kicheko kiishe, uso ukimwaka. Mama Yolande peke yake hakucheka.

"Ile ndiyo nilisikia," alisema. "Balinielezea: tonton wa Bonheur anakulaka sana. Nikafurahi. Mutoto yangu wa kwanza alikuwa anakula vile. Tangu maji ilimubeba, hakuna mutu alimaliza chakula yangu. Leo nilipika kwa sababu yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Cyprien akamega tonge kubwa, akalitia mdomoni, akajikaza kulimeza, machozi yakimlengalenga, na tumbo likakataa. Mama Yolande akaushika mkono wake, akauweka pembeni taratibu, akaiinua sahani. Ilikuwa bado imejaa, na Cyprien hakuweza kumtazama akiirudisha jikoni.