Jina la Bibi kwenye Kihenge

Nilipokuwa darasa la pili, kule Sapiwi, nilikuwa nimejua kuandika na hakuna kilichosalimika: milango, ndoo, mpaka ubavu wa ndama. Kilichokatazwa ni kimoja tu, jina la Bibi. Wamisionari walipoleta vitabu, yeye akiwa binti mdogo, kaka yake alitangulia kuandikwa kwenye daftari la ubatizo. Wiki haikuisha, homa ikamchukua. Ikaaminika kwetu kwamba kumwandika mtu ni kukionyesha kifo mlango wake, na Bibi hakukanyaga tena darasa la wamisionari.

Mimi nikaandika. KABULA, kwa mkaa, kwenye kihenge cha mtama, herufi kubwa kubwa. Nilitaka tu kumfurahisha!

"Umechora nini hapa?"

"Jina lako, Bibi."

Akakaa chini palepale, akaniita kama anavyowaita wajukuu wake wa kike. "Mke mwenzangu, umeniua."

Nikafuta kwa maji, kwa majani, kwa sketi ya shule, mkaa ukasambaa lakini herufi zikabaki zinasomeka. Siku saba sikucheza. Nilimfuata kwenye pamba, kisimani, mpaka chooni, nasimama nje naita, "Bibi, upo?"

"Nipo! Hata huku huniachi?"

Siku ya nane asubuhi nikamkuta mbele ya kihenge, mikono kiunoni. "Kaka hakufika saba," akasema, kisha akacheka mpaka kitenge kikalegea. Halafu, polepole: "Hebu, ya kwanza ni ipi?"

Nikamwonyesha K. Akaigusa kwa kidole kama anayeonja uji wa moto.

Kufika mavuno ya pamba anasoma kitabu cha nyimbo mwenyewe, kwa sauti, majirani wanachungulia.

Juzi nimejifungua, wa kike, mdogo mno, na hapa Bariadi muuguzi alipofungua kadi ya kliniki akauliza jina, mimi niliyemaliza kidato cha nne nikaingiwa na baridi. Nikasema nitaleta kesho, nikatoka, nikampigia Bibi.

"Mpe la kwangu. Tena kalamu uishike wewe."

"Bibi, akipatwa na jambo?"

"Homa haijui kusoma, mke mwenzangu. Ingejua, mimi ningekuwa wapi?"

Nimeandika. K imepinda. Zamani nilidhani siku ile Bibi aliacha kuogopa. Sasa naona aliigusa ile herufi huku anaogopa, na mimi nimefanya hivyohivyo. Bado kila mara namwinamia mtoto nauliza, "Kabula, upo?"

Ananipiga teke. Yupo.