Kiingereza cha Banda la Chai

Mvua ya mchana ilinifukuza barabarani nikielekea Merigi, nikakimbilia banda la chai, pale wakulima wanapopimia majani yao, lililo karibu na njia panda. Nilikuwa na mfuko mmoja wa nguo, kama kawaida yangu, maana mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimechimba viazi Londiani, nimeuza mitumba Chepseon, nimepika chapati katika hoteli ambazo leo hazipo. Ndani ya banda nilimkuta msichana wa sare ya shule amekaa kwenye benchi la mbao, anakariri vitenzi vya Kiingereza huku akitazama mvua. Eat, ate, eaten. Break, broke, broken. Alipofika kwenye bring alikwama, macho juu ya mabati, midomo inatafuta.

"Brought," nikamsaidia.

Alinitazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu vyangu vyenye matope. "Auntie, wewe ni mwalimu?"

"Mwalimu wapi! Mimi niliishia darasa la saba. Lakini hilo neno nililipatia humu humu ndani."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Wewe nitakusimulia, rafiki yangu, kwa kuwa mvua ile iliendelea na mimi nilibaki pale nikikumbuka yote.

Baba yangu alikuwa mpasuaji mbao katika misitu ya upande wa Londiani. Kambi ikihama, nasi tulihama, na shule niliionja tu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Mwishowe baba aliona nimekuwa mrefu kama mlango na bado sijui kuandika sentensi, akanileta kwa mama yake huku kwenye vilima vya chai. Tulimwita kogo, jina letu sisi Wakipsigis la kumwita nyanya.

Nyumba ya kogo ilinukia moshi na maziwa. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vilipangwa ukutani, na kila jioni alisugua ndani yake kwa mkaa mpaka maziwa yenyewe yakawa na rangi ya majivu. Tulikula ugali na mboga za saga, chungu hivi, ambazo mwanzoni nilizitema na baadaye nikazililia nilipokuwa mbali. Asubuhi kulikuwa na umande wa kukata vidole. Tulijifunga plastiki kiunoni, tukaingia kwenye chai kabla ukungu haujaondoka, tukachuma majani mawili na kichipukizi chake, majani mawili na kichipukizi chake, tukirusha nyuma kwenye vikapu bila kutazama. Kogo alichuma kwa mikono yote miwili huku akinisimulia habari za watu waliokufa zamani.

Shuleni, mwalimu mkuu alinipima kwa macho akasema kwa urefu wangu nilifaa darasa la nane, na kwa Kiingereza changu darasa la tatu. Alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa na utani. Aliniweka darasa la tano kwa muhula mmoja tu. Siku ya kufunga shule angenisikiliza yeye mwenyewe nikieleza jambo kwa Kiingereza. Nikishindwa, ningeteremshwa nikakae na watoto wa darasa la tatu.

Hebu nifikirie pale, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, nikiwa nimezungukwa na watoto wanaong'oka meno. Jirani yetu, mama mwenye mdomo usiopumzika, aliisikia habari hiyo kabla sijafika nyumbani. "Chamgei, mama mkubwa!" alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua. "Huko darasa la tatu watakupa kazi ya kuwabeba mgongoni kukinyesha." Nilicheka mbele yake. Usiku niliapa kwamba siku nitakayoteremshwa ndiyo siku nitakayorudi kambini kwa baba, na shule nisiione tena.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama kutoka upande wa ziwa, mume wake akifanya kazi katika kiwanda cha chai. Alikuwa na sauti nzito, na alipocheka darasa lote lilicheka hata kama hatujui kwa nini. Huyo ndiye aliyenigundua. Nilikuwa nimejitengenezea Kiingereza changu. Katika lugha yetu, ukisema umekula, msikilizaji anajua kutoka kwenye neno lenyewe kama ulikula leo, jana au zamani. Kwa hiyo nami niligawa: have ikawa ya mambo ya leo, ate na went zikawa za jana, na had nikaiwekea mambo ya kale, ya akina kogo. Nilikuwa nimejivunia mpango huo. Daftari langu lilirudi limejaa wino mwekundu.

Aliniita mezani kwake, nikamweleza kwa Kiswahili, machozi karibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe! Hata sisi kule ziwani tunagawa hivyo hivyo. Ya leo asubuhi ina neno lake, ya jana ina lake. Waingereza ni watu wa haraka, binti yangu. Wamezitupa asubuhi, jana na zamani zote kwenye gunia moja. Wewe usiwahurumie, tupa tu." Tangu siku hiyo alinibakiza kila baada ya masomo, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba si kichwa changu kilichokuwa kibovu.

Siku ya kufunga shule ilifika. Kogo alikuwa na goti bovu, hivyo asubuhi nilibeba majani yetu mpaka hapa bandani, nikitarajia lori la kiwanda lipite mapema, majani yapimwe, nami nikimbie shuleni. Lori halikuja. Barabara ya chini ilikuwa imeharibika, karani wa mzani akatuambia, na dereva anazungukia mbali. Aliyekulia huku anajua maana yake. Majani yaliyochumwa hayangoji. Yakirundikana yanashika joto, yanakuwa mekundu, na karani hayapokei. Inabidi uyamwage, uyatandaze, uyageuze kwa mikono tena na tena kama mtu anayepepea mgonjwa. Kogo alinifuata baadaye akichechemea, lakini hangeweza kuinama. Nilibaki.

Jua lilipita utosini. Banda lilijaa akina mama na malundo yao ya kijani, harufu ya majani mabichi imetanda mpaka kooni. Nilisikia kengele ya shule ikilia kutoka mbali, nikajua wenzangu wanapanga mistari. Niligeuza majani na kulia kimya. Jirani yetu aliniona, akasogea kunisaidia kugeuza upande mmoja.

Kisha mlangoni akaingia mwalimu mkuu. Nilidhani amenifuata, nikasimama kama askari. Hata hakuniona. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kando ya lundo lililokuwa kwenye kona na kuanza kuligeuza. Shamba lake lilikuwa jirani na letu, na mke wake alikuwa ametuma mtoto amwambie kwamba majani yao nayo yanaanza kushika joto. Mara tu alipomaliza kugawa ripoti, alikimbia.

Nyuma yake akaja mwalimu wa Kiingereza, akihema, kitambaa cha kichwa kimelegea. Alisimama katikati ya banda, mikono kiunoni.

"Mwalimu, si yule pale? Ulisema utamsikiliza leo."

"Madam, huoni nina kazi?"

"Masikio yako hayageuzi majani."

Akina mama walicheka. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa, mikono yake imezama kwenye kijani mpaka viwiko. "Haya. Nieleze kwa Kiingereza yaliyotokea hapa tangu asubuhi."

Banda lote lilinyamaza, hata karani aliacha kugongagonga mzani wake. Nilitafuta neno la kwanza nisilione. Mama mmoja mzee alisema kwa Kipsigis, taratibu, "Mwacheni apumue. Lori lenyewe halijafika, tunakimbilia wapi?"

Nikatazama chini, nikaona mikono yangu bado inageuza majani. Nikaanza na hiyo. Nilisema ninageuza majani. Nilisema tuliamka, tukachuma, na nikasema we bringed, mwalimu wangu akakohoa kama aliyemeza mfupa, nikasema we brought. Nilisema kogo alipanda chai hii kabla baba hajaoa. Nilisema tumengoja, bado tunangoja. Maneno yalikuja moja moja, yakiwa na vumbi na jasho, lakini yalikuja, kwa sababu kila nilichotaka kukitaja kilikuwa mbele yangu na ningeweza kukigusa. Hakuna aliyenihimiza. Nilipokwama waligeuza majani yao wakaningoja.

"Na muhula ujao shule ikifunguliwa?" mwalimu mkuu akauliza.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilisema, "Next term I will sit in class five."

"Anasemaje? Anasemaje?" akina mama wakauliza. Mwalimu wa Kiingereza akawatafsiria kwa Kiswahili kwamba muhula ujao nitakaa darasa la tano, na banda likalipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Huyu amejipitisha mwenyewe," alisema. "Basi akae huko huko."

Nilikaa pale pale juu ya majani, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi. Kogo, asiyejua neno hata moja la Kiingereza, alinigusa kichwani. "Umesema nini kirefu hivyo?" Nilipomweleza akasema, "Ungemwambia hivyo mwanzoni mwa muhula, tungelala usingizi." Jioni lori lilifika. Karani alinusa konzi ya majani yetu, akayapokea.

Darasa la tano nililikalia, na la sita. La saba nililiacha katikati, kwa sababu zangu, nikaanza kuzunguka. Popote nilipofika niliuliza watu maswali kwa Kiingereza kilichopinda, na sikumwogopa mtu. Hofu ile ilibaki bandani na haijawahi kunifuata.

Siku hizi dereva anawatumia watu ujumbe kwa simu akiwa bado mbali. Wanakuja, wanapima, wanaondoka, na hakuna jani linaloharibika. Ni vizuri, na kogo angefurahi kwa ajili ya goti lake. Lakini nilipomtazama yule msichana peke yake na vitenzi vyake, nilijiuliza angewapata wapi watu wazima waliojaa banda zima, wasio na pa kwenda, walio tayari kukaa kimya mpaka mtoto apate neno lake. Mimi niliwapata. Ninashukuru sana kwamba barabara ya chini iliharibika siku ile.