Nilimwekea mama kiwango kwenye app ya bajeti, akaacha kunibip

Wakuu, habari za humu. Hii sio chai ya kutunga, na sio tangazo la app. Jina lake sitaji, hata mkinifuata PM.

Mimi ni karani kwenye ofisi moja hapa Kibaha. Mshahara ukiingia, tarehe kumi na tano nakopa nauli. Wenzangu mnanielewa.

Mwaka jana jamaa wa ofisini akanionyesha app ya bajeti. Unaandika mshahara, unaugawa kwenye category: kodi, chakula, nauli, umeme, akiba. Ukibaki ndani ya kiwango inawaka kijani, ukizidisha nyekundu. Lengo langu lilikuwa moja tu, kununua kiwanja kule Soga.

Mwezi wa kwanza niliandika matumizi bila kubana chochote. Nyekundu kila mahali, hadi vocha. Ila iliyonichoma zaidi ni category niliyoiita "Mama".

Mama alikuwa anaishi Maneromango, peke yake tangu mzee afariki. Ana mtindo wake. Anabip, nampigia, tunaongea mihogo na kuku weee, halafu mwishoni ndio anasema chumvi imeisha, au anaomba ya boda aende zahanati. Elfu tatu, elfu tano, elfu saba. Kujumlisha, jamani, inazidi nauli yangu ya mwezi.

Nikampigia. Siku hiyo nilijiona msomi kweli. Nikamwambia kuanzia sasa namtumia elfu hamsini kila tarehe moja, kwa mpigo. Katikati ya mwezi tusisumbuane, kuna mahesabu nafanya.

Akasema, "Sawa baba. Mungu akuzidishie."

Bip zikaisha.

Niliona raha, siwafichi. Miezi minne kijani tupu. Ofisini nikageuka mwalimu wa bajeti. Tarehe moja natuma, basi, naendelea na yangu. Kumpigia nikaacha, maana nikipiga nitaombwa. Ndio ukweli wenyewe, hata kama unanuka.

Mwezi wa tano tangu nianze kumtumia kwa mpigo, akapiga Mama Zaituni, jirani yake mama. Shikamoo, marahaba, halafu akauliza kama nina habari ya mguu.

Mguu gani tena?

Mama ana sukari, hiyo nilikuwa naijua. Nisichojua ni kwamba alichomwa na kisiki shambani, kidonda kikagoma kupona. Zahanati wakamwambia aende hospitali, Kisarawe. Hela ya mwezi ilikuwa imeshaisha, akaamua asubiri tarehe moja. Ikafika, hela ikaishia kwenye unga na dawa za sukari. Akasubiri nyingine, huku anafunga kidonda na kipande cha khanga.

Mama Zaituni alimwambia ampigie mwanawe. Akamjibu, "Mwanangu kanipangia. Nikimwomba katikati nitamvurugia."

Nilikodi gari saa ileile. Barabara ya Maneromango mvua ikinyesha mnaijua. Nilipofika, harufu ya kile kidonda ilinipokea mlangoni.

Nikampeleka Kisarawe. Daktari alisema tungewahi wiki tatu nyuma, wangesafisha tu. Wakaukata mguu chini ya goti.

Hela ya kiwanja imeishia huko, na wala siililii.

Alipozinduka nilikuwa pembeni ya kitanda, mtu mzima na ndevu zangu, nalia. Akanishika mkono.

"Baba, hela hii umeitoa wapi? Haijakuharibia mahesabu?"



Sasa anaishi kwangu. App nimeifuta, ingawa yenyewe haina kosa, ilifanya nilichoiambia. Kosa ni langu. Ile chumvi ilikuwa sababu tu ya kuongea na mwanawe, mimi nikaiandika kama matumizi. Ukitaka kupanga bajeti panga, lakini mzazi usimkatie simu.

Kinachonimaliza ni kwamba haombi kitu tena. Mtungi wa maji uko hatua tano kutoka anapokaa, na magongo bado hajayazoea. Anakaa na kiu mpaka mtu apite. Nimemwambia mara ngapi, mama, omba. Ananijibu sawa baba, kisha ananyamaza.

Matusi leteni, ni halali yenu. Ila kama kuna mtu humu mzazi wake alinyamaza hivi kisha akarudi kuomba, naomba aniambie alifanyaje.